Fasihi ya Hoja Tatu Tatu

Waandishi wa visiwa hivi wanawafaulisha watu wasiowasoma. Haji Gora Haji wa Tumbatu, Shafi Adam Shafi, Said Ahmed Mohamed, Mohamed Seif Khatib: kwa miaka mingi majina haya yamekuwa yakiandikwa, aghalabu mwezi wa Mei, katika vyumba vya mtihani wa kidato cha sita vya Songea na Mbinga, na kalamu zinazoyaandika ni za vijana ambao wengi wao hawajapata kukishika kitabu cha hata mmoja wa watu hao. Walichokishika ni karatasi za tuisheni. Wanajua kwamba Vuta N'kuvute ina mhusika aitwaye Yasmin, wanajua sifa zake nne, wanajua dhamira sita na migogoro mitano. Hawajui jinsi kitabu kinavyoanza. Mtahini anasahihisha, anatoa alama, na kijana anakwenda chuo kikuu kusomea ualimu wa Kiswahili. Baada ya miaka mitatu anarudi Mbinga, kazi hajapata, naye anafungua tuisheni.

Nimeyaleta haya katika jarida la visiwani kwa makusudi. Mtihani ni mmoja. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973, huwatahini vijana wa Wete na Mkoani kwa karatasi ile ile inayofunguliwa Mbinga, na sidhani kuwa karatasi za tuisheni zinazouzwa Darajani zina heri kuliko zetu. Tena vitabu ni vyenu. Katika orodha ya vitabu teule iliyotumika kwa muda mrefu katika kidato cha tano na cha sita, visiwa vimetoa zaidi ya sehemu yao: Kimbunga, Fungate ya Uhuru, Kivuli Kinaishi, Vuta N'kuvute. Msomaji wa kurasa hizi hupenda kujivunia jambo hilo, na ana haki. Mimi nataka ajue fahari hiyo inafikaje huku.

Kwa wasioifahamu nchi hii: Mbinga ni mji wa milimani, wa kahawa na baridi, wa Wamatengo wanaolima ngoro, yaani yale mashimo yaliyopangwa safu kwa safu kwenye miteremko ili mvua isiporomoshe udongo. Ukishuka kutoka huko kwa barabara ambayo sasa ni ya lami, kilomita zaidi ya 60 za kona, unatokeza Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kaskazini yake ni Liuli, na mbali zaidi Lituhi. Mimi ni mtu wa ufukwe huo. Sikusoma chuo; nilijifunza ushairi kwa kusoma mashairi, na kutafsiri kwa kutafsiri, baina ya Kinyanja na Kiswahili. Watoto wa majirani huniletea karatasi zao kwa kuwa wanajua nina vitabu. Hivyo ninayoyasema nimeyaona mezani kwangu.

Tuisheni yetu ina misimu. Msimu wa kwanza ni ule wa vijana waliomaliza kidato cha nne mwezi wa Novemba na wanaongoja kuingia kidato cha tano mwezi wa Julai. Hao hufundishwa kabla hawajajua hata watapangiwa tahasusi gani. Msimu wa pili ni wa likizo ya Desemba. Wa tatu, ulio mkali kupita yote, ni wa majuma ya mwisho kabla ya mtihani, ambapo watahiniwa wa kujitegemea, wengine wenye watoto wao nyumbani, hukusanyika ukumbini au chini ya mwembe kuanzia alfajiri. Mwalimu ana ubao, chaki, na bunda la karatasi. Kila kitabu hupewa siku mbili. Diwani ya mashairi hupewa siku moja, kwa hoja kwamba mashairi ni mafupi.

Karatasi yenyewe ni kurasa nane au kumi kwa kila kitabu, zilizotolewa nakala kutoka nakala ya nakala, hata herufi za pembeni zimemezwa na mashine. Juu kuna muhtasari. Kisha maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo. Kisha fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mwisho kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, ambapo kila mwandishi, awe Shaaban Robert au awe nani, amefaulu kuonesha uhalisia na hakufaulu kutoa suluhisho. Chini ya "falsafa" nimesoma kwamba mwandishi anaamini kuwa jamii haiwezi kuendelea bila ukombozi. Nimeisoma sentensi hiyo, neno kwa neno, katika karatasi za vitabu vitatu tofauti. Laiti ingekuwa kweli kwamba waandishi watatu wa zama tatu waliamini jambo moja kwa maneno yale yale, tungekuwa tumegundua jambo kubwa kuliko fasihi.

Nisieleweke vibaya juu ya fani na maudhui. Istilahi hizo zina historia ya heshima. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walipotoa Fasihi na Sanaa za Maonyesho mwaka 1976, na wahakiki wengine wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokuwa wakibishana kuhusu fasihi na jamii, kuuliza "kitabu hiki kina msimamo gani?" kulikuwa ni kuuliza swali lenye moto. Nchi ilikuwa ikijenga ujamaa. Mwandishi aliyekaa upande wa mnyonge na aliyekaa upande wa bwana walitakiwa wajulikane. Watu walibishana kwa sababu walikuwa wamesoma. Mgogoro wa ushairi wa miaka hiyo, baina ya waliotetea vina na mizani na waliotunga mashairi huru, uliwagombanisha watu waliokuwa na mashairi vichwani. Leo swali lile lile limekuwa fomu ya kujaza, mfano wa fomu ya mkopo: jina la mwombaji, kijiji, kata, dhamira, migogoro, ujumbe. Anayeijaza hahitaji kuwa na maoni. Kwa hakika maoni yatamponza.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu, maana ndipo kiini cha jambo kilipo.

Kijana mmoja wa kijiji cha wavuvi aliniletea karatasi ya diwani ya Kimbunga. Shairi lililokipa kitabu jina linasimulia kimbunga. Hilo kila mtu analijua. Karatasi ilisema kwamba kimbunga kinaashiria mabadiliko ya ghafla katika jamii, ikatoa hoja tatu, na kijana alikuwa amezikariri zote tatu kwa mpangilio. Nikamuuliza kama aliwahi kulisoma shairi. Alisema alisomewa beti mbili. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe aliwahi kukiona kimbunga.

"Kimbunga sijui, mwalimu," alisema, "lakini mwera nimeuona."

Mwera kwetu ni upepo wa kusini (si ile Mwera yenu ya Unguja), na mwenziwe wa kaskazini tunamwita mpoto. Mwera ukikaza katika miezi ya baridi, ziwa hugeuka. Hapana mtumbwi unaotoka, na usipa hupanda bei hadi Mbinga. Kijana alizungumza kwa muda mrefu. Alieleza jinsi wazee wanavyoujua ujio wake kwa rangi ya maji upande wa mbali. Alieleza usiku mmoja ambapo boti kubwa lenye mashine, lililokuwa likitamba ufukweni, lilipasuliwa, na mtumbwi mkuukuu wa babu yake uliofungwa kwa kamba ya kuungaunga ukakutwa asubuhi palepale ulipoachwa. Alisema watu walicheka kwanza, kisha wakaona haya kucheka, kwa sababu mwenye boti alikuwa na deni.

Nikampa kitabu. Akalisoma shairi lote, polepole, akarudia. Aliponyanyua macho nilijua kwamba amesoma. Alianza mwenyewe kulinganisha: kilichong'oka kwa Haji Gora na kilichopasuka kwao, kilichosalia hapa na kilichosalia kule, na kwa nini mshairi hacheki mahali ambapo msikilizaji angecheka. Nikamwambia: andika hayo. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Hayo yatapewa alama, mwalimu?"

Makala haya nayaandika kwa sababu ya swali hilo. Kijana alikuwa na akili timamu. Alijua kwamba msahihishaji ana mwongozo, kwamba mwongozo una hoja, na kwamba boti la mwenye deni halimo. Alijua pia umbo la swali, kama wajuavyo wote: thibitisha kauli kwa kutumia hoja tatu kutoka katika kila kitabu kati ya viwili ulivyosoma. Hoja tatu kwa tatu, sita. Utangulizi, kiini, hitimisho. Swali la namna hiyo linaweza kujibiwa vizuri na mtu aliyesoma kitabu. Ubaya wake ni kwamba linaweza kujibiwa vizuri vilevile na mtu asiyekisoma, na mtihani usioweza kuwatenga watu hao wawili haupimi usomaji. Unapima kumbukumbu ya karatasi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi, wakiwemo watu ninaowaheshimu, wasemao kwamba kosa ni la walimu wa tuisheni. Vijana hao wanauza kile ambacho mtihani unanunua. Wengi wao ni wahitimu wasio na ajira. Mmoja ninayemjua analima mahindi asubuhi na kufundisha mchana, na akiulizwa nje ya darasa atakusomea mashairi ya Kezilahabi kwa kichwa, macho yakimng'aa. Darasani hayasomi. Amewahi kunieleza kwamba siku aliposoma shairi zima kwa sauti, wanafunzi walimlalamikia kuwa anapoteza muda wao waliolipia.

Jibu la kwanza ninalopewa ni kwamba alama kwanza, kusoma baadaye. Mwana wa mkulima wa kahawa, husema mjibuji, hana anasa ya kufurahia mashairi, anataka kutoka. Jibu hili si la kupuuza, na anayelitoa mara nyingi ni mzazi. Ada ya shule ilifutwa, kwa elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita katika bajeti ya mwaka 2022/23. Lakini fedha iliyotoka kwa mlango wa mbele imerudi kwa dirisha la tuisheni. Msimu wa tuisheni haungoji msimu wa kahawa. Matunda yakiwa bado mabichi mtini, mzazi anahitaji fedha, na Mbinga kuna watu wa kumpa: huchukua fedha leo na kulipa kwa kahawa wakati wa mavuno, kwa kipimo cha mkopeshaji. Tunauita mtindo huo magoma. Serikali imeukemea mara nyingi na vyama vya ushirika vimeulaani, nao upo. Kwa hiyo nyuma ya zile kurasa kumi zilizomezwa pembeni kuna kahawa iliyouzwa kabla haijaiva.

Basi kwa kuwa bei ni hiyo, nauliza mzazi anapata nini. Anaambiwa anapata alama. Je, anazipata? Jibu lililokaririwa hufaa swali linapokuja kama lilivyotabiriwa. Mtahini akiligeuza kidogo, darasa zima huandika jibu la swali la mwaka uliopita, kwa hati nzuri, na kupewa sifuri kwa pamoja. Nimewaona vijana wa namna hiyo wakirudi mwaka unaofuata kama watahiniwa wa kujitegemea, wakinunua karatasi zilezile kwa mwalimu yuleyule. Na mwenye kufaulu naye anafika chuoni bila jambo lolote alilolifikiri mwenyewe kuhusu kitabu chochote. Hajui kwamba jambo hilo linawezekana. Yeye ndiye atakayekuwa mwalimu wa mjukuu wa yule mkulima.

Jibu la pili linanichoma zaidi, na nimelisikia kutoka kwa watu wa pwani na visiwani, wengine katika makongamano ya Kiswahili. Wanasema watoto wa bara, hasa wa pembe kama yetu, hawana Kiswahili cha kuusoma ushairi wa mwambao, wana Kimatengo, wana Kinyanja, wana Kimpoto, basi wafupishiwe. Hilo husemwa kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo inayoniudhi.

Kwanza, Haji Gora mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1933 Tumbatu, akawa mvuvi na baharia, hakupita sekondari wala chuo, akakusanya msamiati wa Kitumbatu kwa mkono wake, akafariki mwaka 2021 akiwa miongoni mwa washairi wanaosomwa na kufanyiwa tafiti katika vyuo vya ndani na nje. Lahaja ya kisiwa chake haikumzuia. Ilimlisha. Iweje basi kijana wa ziwani, mwana wa mvuvi, mwenye lugha ya nyumbani inayojua majina ya pepo na ya maji, aambiwe kuwa lugha yake ndiyo pingamizi baina yake na mshairi huyo? Katika wasomaji wote wa Tanzania Bara, nani aliye karibu zaidi na mtu wa Tumbatu kuliko mtu wa mtumbwi?

Pili, historia. Kiswahili hakikuja Nyasa kama mgeni aliyebebwa juzi kwenye lori la vitabu. Njia ya misafara kutoka ziwani hadi Kilwa ilikuwa njia ya huzuni, na mwisho wake, kwa maelfu ya watu wetu, ulikuwa soko la Unguja. Jina la Wanyasa ni la kale visiwani. Mashamba ya karafuu yaliwajua. James Mbotela alipochapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kitabu kilichosomwa shuleni kwa vizazi, alikuwa akiandika juu ya watu wa upande huu wa bara, akiwemo baba yake, na alikiandika kwa Kiswahili. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliohamia Unguja mwaka 1864 waliwafundisha vijana waliokombolewa katika shule ya Kiungani, na baadhi ya waliofunzwa huko ndio waliokwenda bara kuwa walimu. Shemasi mkuu William Percival Johnson, aliyefariki Liuli mwaka 1928 na kuzikwa huko huko, alitafsiri Biblia kwa Kinyanja akiwa na macho mabovu, akisafiri kijiji hadi kijiji kwa maji. Mimi, mtafsiri wa nchi ileile, simkumbuki kwa ajili ya dini yake tu. Yeye hakuwapa watu wa ufukweni muhtasari wa kitabu chake wala dhamira sita. Aliwapa kitabu kizima, akaamini watakisoma.

Vinywa vya Nyasa, basi, vimo katika Kiswahili cha Unguja. Anayesema kwamba mwana wa Nyasa lazima afupishiwe Kiswahili hicho anamnyima kitu ambacho wazee wake walilipia.

Juu ya karatasi ya fasihi ya Kiingereza sitasema mengi. Maradhi ni yaleyale na homa iko juu zaidi. Mchezo wa Ibsen kuhusu adui wa watu uliandikwa kwa Kinorwe, ukatafsiriwa kwa Kiingereza, ukafupishwa, na kijana wa Mbinga anaukariri ufupisho wa tafsiri katika lugha anayoizungumza darasani tu. Nyerere alipotafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969 alituonesha mlango mwingine. Hatukuupita.

Yapo malalamiko ya haki kwamba vitabu havipo. Hilo ni kweli tupu. Nimeona darasa la tahasusi ya Historia, Kiswahili na Kiingereza likiwa na nakala moja ya riwaya, nayo ikiwa mikononi mwa mwalimu. Lakini fedha wanazolipa vijana arobaini kwa msimu mmoja wa tuisheni zingetosha kununua nakala kadhaa za kila diwani na kila riwaya, wakasoma kwa zamu, wakaziacha kwa wadogo zao. Hazinunuliwi kwa sababu kitabu hakihitajiki. Na mwandishi hapati hata senti katika biashara yote hii: muhtasari wa kitabu chake unauzwa mara elfu, kitabu chenyewe kimekaa ghalani Dar es Salaam. Nawashangaa wachapishaji wanaolalamika kwamba Watanzania hawasomi, huku wao wenyewe wakichapisha miongozo ya majibu minene kuliko riwaya inayoongozwa.

Mkoa huu uliwahi kufikiri vingine. Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichoanzia Litowa mwaka 1960, kilikuwa na shule yake ambamo watoto walisoma, walilima na kushiriki katika maamuzi. Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alisema wazi kwamba mitihani yetu hupima uwezo wa mtu kujifunza mambo na kuyatoa anapotakiwa ndani ya muda uliowekwa, na kwamba haipimi uwezo wake wa kufikiri wala tabia yake. Wengi waliochunguza historia hiyo wanaona alama ya Litowa katika maneno yale. Mwezi wa Septemba mwaka 1969 chama kikavunjwa kwa amri ya wakubwa wa TANU, na shule ikaenda na maji. Sitaki kuigeuza Litowa kuwa pepo iliyopotea. Naikumbusha kwa wale wasemao kwamba ukosoaji wa mtihani ni mawazo ya kigeni yaliyoletwa na wafadhili. Ulisemwa hapa, na Rais wa nchi, zaidi ya nusu karne iliyopita.

Tangu wakati huo yamefanyika mambo. Januari mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, na nalishukuru, maana orodha ile ilikuwa tangazo la bure la wauza karatasi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imekuja na lugha ya umahiri. Vema. Umahiri wa fasihi ni kusoma. Hakuna mwingine unaotangulia huo.

Ninachodai kwa mtihani ni kidogo na hakihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Liwekwe shairi ambalo hakuna mtahiniwa aliyewahi kuliona, lichapwe lote katika karatasi ya maswali, na kijana aulizwe: linasema nini, linalisemaje, na wewe unalionaje? Kwa shairi hilo mwalimu wa tuisheni hatakuwa na karatasi ya kuuza. Atalazimika kufundisha kusoma, na yule ninayemjua atafurahi. Vitabu teule vilivyobaki viruhusiwe chumbani, mtahiniwa avifungue. Asiyekisoma kitabu hatapata msaada kwa kukifungua katika saa tatu za mtihani; aliyekisoma atajua aende wapi. Swali liombe mahali: onesha ukurasa ambapo mhusika huyu anabadilika, ueleze kwa nini ni hapo. Na katika fasihi simulizi, badala ya kukariri tanzu na vipera vyake, kila kijana akusanye jambo moja kwao, hadithi, wimbo wa makasia, methali za wavuna kahawa, alete na jina la kijiji na lugha yake ya asili pamoja na tafsiri. Huko Kimatengo na Kinyanja vitaingia shuleni kwa mlango wa mbele.

Nimeambiwa kwamba usahihishaji wa majibu ya namna hiyo ni mgumu, kwa sababu majibu hayatafanana. Ndiyo, hayatafanana. Msahihishaji atalazimika kuyasoma. Nimeambiwa pia kwamba upendeleo utaingia. Sasa hivi upendeleo upo: anapendelewa mwenye fedha ya karatasi dhidi ya asiye nayo, na mwenye kukariri dhidi ya mwenye kuona.

Mimi mwenyewe sitangoji mtihani ubadilike. Barazani kwangu huja vijana sita au saba, na kanuni ni moja tu: hapana kutaja dhamira kabla ya kitabu kwisha. Tunasoma kwa sauti, kwa zamu. Neno la pwani likitukwaza tunalitafutia ndugu yake katika lugha zetu, na mara nyingi tunampata. Kila mmoja huhifadhi shairi moja zima. Zikisalia wiki sita ndipo ninawafundisha ile fomu, kwa siku mbili, kama mtu anavyofundishwa kujaza stakabadhi, nao huijaza upesi kwa kuwa wana cha kujazia. Wako waliofaulu na wako ambao hawakufaulu. Yule kijana wa mwera aliuliza mwaka jana kama ningeweza kumpatia diwani nyingine ya mtu yuleyule wa Tumbatu, ambayo haimo katika orodha.

Sikuwa nayo. Nakala ya Kimbunga tunayoitumia imekwisha kupoteza jalada, na kurasa za mwisho tumeziandika upya kwa mkono kwenye daftari. Vuta N'kuvute tunayo moja, baina ya Liuli na Mbamba Bay, na huvuka vijiji kwenye pikipiki ikiwa imefungwa katika mfuko wa sukari. Ndugu zangu wa visiwani mnazo nakala zilizokaa kabatini tangu watoto wenu walipomaliza skuli. Basi la Songea huondoka Dar es Salaam kila siku, na kutoka Songea kuja kwetu njia ni nyepesi siku hizi.